Mkono juu ya kinywa: wimbo wa taifa, wachezaji wa mpira na heshima ya waaskari wetu

Kuna swali ambalo halimo katika katekismu, lakini mkatekista anaweza kuulizwa kisha Misa ya Jumapili, watu wakiwa bado wamesimama kivulini. Swali ni hili: wimbo wa taifa ukiimbwa, na mtu akafunga kinywa mbele ya bendera na kufanya alama ya huzuni, anatenda vema au anatenda vibaya? Tena, je, mtu huyo hawadharau waaskari wanaokufa kwa ajili ya bendera ile?

Pahali pengine swali hili ni la maneno tu. Kwetu Kamina ni la watu tunaowajua. Kambi kubwa ambayo Wabelgiji walianza kuijenga karibu na muji wetu nyuma ya vita kuu ya pili imefundisha waaskari wa vizazi vingi. Askari kwetu si mtu wa habari za redio: ni jirani, ni baba wa mtoto tuliyembatiza, ni kijana aliyepanda treni na ambaye mama yake anangoja habari zake. Tukijibu vibaya, tutawaumiza watu wa kweli. Kwa hiyo tujibu polepole, tukifuata historia, kusudi kila mtu aone njia tuliyopitia.

I. Jambo lenyewe

Tarehe 7 ya mwezi wa pili 2024, ekipi ya taifa letu, Léopards, ilikuwa Abidjan, kwenye kiwanja cha Ebimpé, kucheza nusu fainali ya Kombe la Afrika na wenye inchi, Côte d'Ivoire. Ilikuwa imefika pale kwa jasho. Katika kundi ilitoka sare mara tatu: 1 kwa 1 na Zambia, 1 kwa 1 na Maroko, 0 kwa 0 na Tanzania. Kisha iliishinda Misri kwa penalti 8 kwa 7, kipa Lionel Mpasi mwenyewe akiipiga ile ya mwisho. Halafu iliifunga Guinea 3 kwa 1. Inchi nzima ilikuwa inatazama.

Wimbo wa taifa ulipoanza, wachezaji walikuwa wamesimama katika mstari wao. Waliweka mkono mmoja juu ya kinywa, na vidole viwili vya mkono wa pili wakavielekeza kwenye panja, kama mdomo wa bunduki. Kocha wao Sébastien Desabre, ambaye ni Mfaransa, alifanya vilevile. Kwenye mikono walikuwa wamefunga kitambaa cheusi.

Maana yake haikufichika. Siku chache mbele, mchezaji Cédric Bakambu alikuwa ameandika wazi kwamba watu wote wanaona mauaji ya mashariki ya Kongo na watu wote wananyamaza. Akaomba nguvu zile zinazotumiwa kusifu mashindano zitumiwe pia kuonyesha mateso ya kwetu. Basi mkono juu ya kinywa ulisema: dunia imenyamaza. Vidole kwenye panja vilisema: watu wetu wanauawa.

Tukumbuke wakati ule ulikuwa wakati gani. Kundi la M23, ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba linasaidiwa na Rwanda, lilikuwa limeinuka tena mwishoni mwa 2021. Tarehe 13 ya mwezi wa sita 2022 lilitwaa Bunagana. Katika siku zilezile za mashindano, vita vilikuwa vimekaribia Sake, muji mdogo kwenye njia ya kuingia Goma, na watu kwa maelfu walikuwa wanakimbia na magodoro kichwani. Mwaka mmoja baadaye, mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, Goma yenyewe ilianguka, na Bukavu ikafuata katikati ya mwezi wa pili.

Mchezo wenyewe tulishindwa. Sébastien Haller alifunga bao moja katika dakika ya 65, na siku tatu baadaye Afrika ya Kusini ikatunyima pahali pa tatu kwa penalti 6 kwa 5. Lakini matokeo yale yanasahaulika polepole, na alama ile haisahauliki. Ndiyo tunayotaka kuipima.

II. Wimbo na bendera

Kwanza tuutazame wimbo wenyewe. Waseminari wetu wajue kwamba muziki wa "Debout Congolais" ulitungwa na mtu wa Eklezia: Simon-Pierre Boka di Mpasi, Mjezuiti; maneno ni ya Joseph Lutumba. Ulianza kuimbwa na Uhuru, 1960. Inchi ilipogeuzwa kuwa Zaire mwaka 1971, wimbo ule uliwekwa kando, ukafuatwa na "La Zaïroise", na Boka huyohuyo alikuwa na mkono wake ndani. Mwaka 1997 wimbo wa kwanza ulirudishwa.

Bendera nayo ilibadilika mara nyingi. Ile tunayoipandisha leo, ya buluu yenye mstari mwekundu na nyota moja, imewekwa na katiba ya 2006. Kambi yetu ya Kamina iliona bendera zaidi ya hizo. Iliona ya Ubelgiji. Kisha 1960 iliona ya Umoja wa Mataifa. Mwezi wa kumi na moja 1964 waaskari wa miavuli wa Ubelgiji walipitia hapa mbele ya kushuka Stanleyville tarehe 24. Mwezi wa tano 1978 Wabelgiji walipitia hapa tena, safari hiyo kwenda Kolwezi.

Tunasema hayo kwa sababu gani? Si kwa kuzidharau nyimbo na bendera. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha, katika sehemu ya pili ya Summa yake, kwamba kisha Mungu tuna deni kwa wazazi wetu na kwa inchi iliyotulea, na fadhila ya kulipa deni hilo anaiita pietas. Kusimama wimbo ukiimbwa ni sehemu ndogo ya fadhila hiyo, na mkatekista anatenda vema akiwafundisha watoto kusimama wima na kunyamaza. Lakini wimbo ni alama, na alama inasimama kwa ajili ya kitu kingine. Mzee aliyeingia jeshi kijana, 1960, aliimba wimbo mmoja, akaamriwa kuimba wa pili, akarudishwa kwa ule wa kwanza. Nyimbo zilipita. Wenzake waliokufa njiani hawakurudi. Basi tukitaka kujua heshima ni nini, tutazame wale ambao wimbo unasimama kwa ajili yao: watu wa inchi, na waaskari wanaowalinda.

III. Askari na salamu ya asubuhi

Historia ya askari wetu inafundisha jambo moja lenye uchungu: alifundishwa sana kutoa heshima, lakini yeye mwenyewe hakupewa nyingi.

Tangu zamani za Leopold II na za Wabelgiji, jeshi letu liliitwa Force Publique. Waaskari wake Waafrika waliingia Tabora tarehe 19 ya mwezi wa kenda 1916, na nyuma yao walikuwa wapagazi wengi waliokufa njiani bila jina lao kuandikwa pahali. Mwaka 1941 waliwashinda Waitalia kule Saïo, katika inchi ya Ethiopia. Wazungu walisifu ushindi ule. Lakini mwezi wa pili 1944 waaskari wa Luluabourg, Kananga ya leo, waliasi. Mtu anayesikilizwa hana haja ya kuasi.

Uhuru ulipofika, katika jeshi lile hapakuwa na ofisa Mwafrika hata mmoja. Tarehe 5 ya mwezi wa saba 1960, siku tano tu kisha sherehe, Generali Janssens aliwakusanya waaskari wa Léopoldville, akawaandikia kwenye ubao kwamba mambo kisha Uhuru yatakuwa sawa na mambo mbele ya Uhuru. Siku ileile maasi yalianza kule Thysville. Katika siku chache inchi nzima ilitikisika, na tarehe 11 Katanga ikajitenga. Waliolipa kwanza ni watu wasio na kosa, Waafrika na Wazungu, watawa na wake za watu.

Hatutetei maasi yale. Yalileta dhambi nyingi. Tunataka tu msomaji aone hivi: waaskari wale walijua kusalimu bendera kupita watu wote. Kila asubuhi walisimama wima. Kama heshima ya inchi ingekuwa salamu peke yake, mwaka 1960 ungekuwa mwaka wa amani. Aliyewavunjia heshima hakuwa mtu aliyefunga kinywa mbele ya bendera. Alikuwa mkubwa aliyesikia wimbo mpya na kuwaambia kwamba wimbo ule hauwahusu.

IV. Wachezaji waliotangulia

Léopards hawakuwa wa kwanza kufanya alama mbele ya bendera. Tutazame wengine watano, kwa sababu kila mmoja anatufundisha kitu.

Mwaka 1968, katika michezo ya Olimpiki ya Mexico, Wamarekani weusi wawili, Tommie Smith na John Carlos, walishinda medali ya kwanza na ya tatu katika mbio za metri 200. Tarehe 16 ya mwezi wa kumi walipanda jukwaani bila viatu, kwa soksi nyeusi, na wimbo wa inchi yao ulipopigwa waliinamisha kichwa na kuinua ngumi yenye glavu nyeusi, kwa ajili ya haki za watu weusi. Walifukuzwa kwenye michezo. Katika michezo ileile, Věra Čáslavská wa Chekoslovakia, inchi iliyokuwa imeingiliwa na vifaru vya Kisovieti miezi miwili nyuma, aligeuza uso na kuuinamisha wimbo wa Wasovieti ulipopigwa. Aliporudi kwao alinyimwa kazi miaka mingi. Hao watatu walilipa wenyewe gharama ya alama yao. Hawakumlipisha mtu mwingine.

Wa nne ni wa kwetu. Mwaka 1974 Zaire ilienda Kombe la Dunia kule Ujerumani. Tarehe 18 ya mwezi wa sita ilifungwa na Yugoslavia mabao 9 kwa 0. Siku nne baadaye ilicheza na Brazil. Wabrazil walipewa mpira wa adhabu. Mbele hawajaupiga, Mwepu Ilunga, beki wa TP Mazembe ya Lubumbashi, alikimbia kutoka kwenye ukuta wa wenzake akaupiga mpira mbali. Dunia ilicheka. Walisema: Waafrika hawa hawajui hata sheria za mpira. Miaka mingi baadaye Mwepu mwenyewe alieleza kwamba sheria aliijua vizuri. Alikuwa na hasira kwa sababu wachezaji hawakulipwa feza zao, na kwa sababu ya vitisho: walikuwa wameambiwa ole wao wakifungwa na Brazil mabao zaidi ya matatu. Walifungwa matatu.

Alama ya Mwepu ilitoka katika maumivu ya kweli, lakini hakuna aliyeisoma. Alikuwa peke yake, na maneno ya kueleza yalikuwa yamekatazwa. Alama isiyo na maneno yake inageuka kichekesho, na mwenye maumivu anaitwa mjinga. Kati ya mguu wa Mwepu na mkono wa Léopards ni miaka 50, na tofauti si ndogo: hao wa pili walisimama wote pamoja, na neno lilikuwa limetangulia alama.

Katikati ya hao kuna Mmarekani Colin Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, na hapa ndipo waaskari wanaingia waziwazi katika shauri. Mwezi wa nane 2016 alikaa chini wimbo wa inchi yake ulipoimbwa, kwa sababu ya watu weusi wanaouawa na polisi. Wengi walikasirika, wakisema anawatukana waaskari waliokufa. Basi Nate Boyer, mtu aliyekuwa askari wa kikosi maalum, alimwandikia, wakaonana. Boyer alimshauri aache kukaa, bali apige goti, kwa kuwa waaskari wenyewe hupiga goti kwenye kaburi la mwenzao. Tangu tarehe 1 ya mwezi wa kenda alipiga goti. Hasira haikuisha: kisha msimu ule hakuna ekipi iliyompa tena kazi. Lakini tuangalie vizuri nani alimfundisha namna ya heshima. Alikuwa askari. Askari yule hakusema, "Nyamaza." Alisema kwa kifupi: sema jambo lako kwa namna ambayo wafu wetu wataitambua.

V. Fundisho la Eklezia

Eklezia inasema nini? Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya 1965, namba 79, unafundisha kwamba wale wanaotumikia inchi katika jeshi wajione kuwa watumishi wa usalama na uhuru wa watu, na kwamba wakitimiza kazi yao vema wanasaidia kweli kuimarisha amani. Padri anayemdharau askari kwa sababu tu ni askari hafuati Mtaguso. Lakini Mtaguso huohuo, katika hati ileile, unakataa utii wa upofu mbele ya amri mbaya. Heshima na dhamiri zinakaa nyumba moja.

Eklezia ya Afrika ilijua mambo haya mapema sana. Karibu na mwaka 211, Tertullianus wa Karthago aliandika kitabu kidogo juu ya askari mkristu. Siku ya kupokea zawadi ya kaisari, wenzake wote walivaa taji la majani kichwani. Yeye alilishika mkononi tu. Alichekwa, akakamatwa, akafungwa. Na Tertullianus anataja jambo ambalo sisi mapadri tulisome mara mbili: kati ya wakristu wenyewe walikuwako walionung'unika, wakisema mtu huyu anatuharibia amani kwa sababu ya kitu kidogo cha mavazi. Mwaka 298, kule Tingis katika Afrika ya Kaskazini, akida Marselus aliutupa mkanda wake wa kijeshi katika sikukuu ya kaisari, akauawa. Eklezia inamheshimu kama mfiadini.

Tusichanganye mambo. Watu hao wawili walikataa ibada ya sanamu, na wimbo wetu wa taifa si ibada ya sanamu. Lakini unaweza kufanywa hivyo. Unafanywa hivyo siku ile watu wanapoanza kusema kwamba alama ni takatifu kupita watu inaowasimamia. Kwamba ni vibaya zaidi kuharibu dakika mbili za wimbo kuliko kuacha kijiji kiteketezwe.

Sasa tufungue Maandiko. Mkono juu ya kinywa si alama ngeni humo. Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 29, Ayubu anakumbuka siku zake njema: alipofika penye lango la muji, wakubwa waliacha kusema wakaweka mkono juu ya kinywa. Walimheshimu mtu mwenye haki. Katika sura ya 21 anawaomba rafiki zake wamtazame katika mateso yake na kuweka mkono juu ya kinywa. Katika sura ya 40 yeye mwenyewe anaweka mkono juu ya kinywa mbele ya Mungu. Basi katika Maandiko alama hii ni ya heshima mbele ya mwenye haki, ya mshangao mbele ya mateso, na ya unyenyekevu mbele ya Muumba. Hatusemi wachezaji walimsoma Ayubu usiku ule. Tunasema kwamba mkristu aliyeitazama alama yao alikuwa na mafunguo ya kuifahamu, kama angeyatafuta.

VI. Maneno ya kupinga

Wako wanaosema: mpira ni mpira, usiletwe ndani yake mambo ya Serkali. Tunajibu kwamba wimbo wa taifa umekwisha kuletwa kiwanjani na Serkali zenyewe. Anayemwomba mchezaji asimame kwa ajili ya inchi hawezi kumkataza kuikumbuka inchi ileile inapolia.

Wako wanaosema: waaskari walitukanwa. Tunajibu: nani alikuwa anakufa katika njia ya Sake wakati ule? Raia, ndiyo; lakini waaskari pia, na kati yao wengine walifundishwa hapa hapa. Askari hawezi kuacha safu yake kwenda kusema mbele ya dunia, amri inamfunga. Vijana wale kumi na mmoja walimkopesha kinywa, kwa njia ya kukifunga. Hawakuikalia chini bendera, hawakuigeuzia mgongo. Walisimama wima kama waaskari wanavyosimama.

Lakini kuna neno moja la kupinga ambalo tunalikubali, na kila mkatekista alishike. Alama ya huzuni inaweza kuibwa na chuki. Mtu anafanya vidole vile, kisha anatoka na kumtafuta jirani yake kwa sababu ya umbo la pua yake au lugha ya mama yake. Hapa tuseme wazi. Vidole vya Léopards havikumwelekea mtu yeyote: havikumwelekea Mtutsi, wala Mhutu, wala mgeni. Kila mmoja alivielekeza kwenye kichwa chake mwenyewe. Maana yake ni hii: anayeuawa mashariki ni mimi. Anayeigeuza alama ile kuwa bunduki ya kumwelekea ndugu ameivunja, na ameivunja kwa uovu kupita aliyeicheka.

VII. Kinachomdharau askari kweli

Basi, kama alama ya Abidjan haikumdharau askari, ni nini kinachomdharau? Historia imekwisha kutujibu, na miaka ya karibu inaongeza.

Kinachomdharau ni mshahara unaoliwa njiani mbele haujafika mkononi mwake. Ni majina ya watu wasiokuwako yaliyoandikwa katika daftari la jeshi kusudi mkubwa ale feza zao. Ni mjane ambaye hakuna aliyemwambia mume wake amezikwa wapi. Mwezi wa tatu 2024, mwezi mmoja tu kisha nusu fainali ile, Serkali ilitangaza kwamba hukumu za kifo zitatekelezwa tena. Tarehe 3 ya mwezi wa tano korti ya kijeshi ya Goma iliwahukumu kifo waaskari 8 kwa kosa la woga na la kukimbia adui. Hatuwahukumu waamuzi wale. Woga vitani ni kosa, na ofisa anayeacha watu wake ana hatia. Lakini tunauliza swali la mkristu: askari aliyepelekwa mbele ya adui bila chakula cha kutosha, na mshahara wake ukiwa umeliwa, je, aliyekimbia kwanza ni yeye? Kisha kuanguka kwa Goma na Bukavu, mwezi wa tatu 2025, ilitangazwa kwamba mishahara ya waaskari itaongezwa mara mbili. Ni vema. Lakini kumbe, ingaliwezekana.

Ndiyo sababu tunasema: heshima ya wimbo haipimwi kwa vinywa vinavyouimba. Inapimwa kwa namna tunavyowatendea waliosimama chini yake na kufa. Inchi inayoimba kwa sauti kubwa na kuwasahau wajane wa waaskari wake haina heshima. Ndugu anayefunga kinywa kwa sababu ya wafu wale, akiwa amesimama, bila tusi, bila chuki, akiwa tayari kulipa mwenyewe, ameimba vizuri.

VIII. Kazi yetu

Ndugu mapadri, waseminari na wakatekista, alama ile ilidumu kadiri wimbo ulivyodumu. Kisha wachezaji walipaswa kuushusha mkono, kwa sababu mchezo ulikuwa unaanza. Yaliyobaki si kazi yao tena. Ni yetu.

Tuwataje waaskari waliokufa katika Misa, kwa majina yao, kama jamaa zao wanatupa majina. Tusingoje sikukuu ya wafu. Tuwataje pia raia wa Rutshuru, wa Masisi, wa Beni na wa Ituri, hata kama hatujui majina yao, kusudi watu wa Kamina wasifikiri mashariki ni inchi nyingine.

Tumtembelee mjane wa kambini jinsi tunavyomtembelea mjane wa mwalimu. Wengine hawajui kuandika barua ya kuomba haki yao. Mseminari aliye likizoni anaweza kuiandika. Kazi hiyo ya saa moja ina heshima kupita hotuba ndefu juu ya bendera.

Tuwafundishe watoto kusimama wimbo ukiimbwa, na tuwaambie maana yake. Wakituuliza juu ya wachezaji wa Abidjan, tuwajibu bila woga: walisimama, waliomboleza, hawakumtukana mtu. Na wakiona mtu anayefanya alama ile kwa kumchukia jirani, wamwambie kwamba ameikosea.

Mwisho, kijana aliyefundishwa katika kambi yetu akija kuungama mbele ya kupanda treni, tusimpe baraka tu. Tumwambie kwamba Eklezia inamtambua kuwa mtumishi wa usalama wa watu. Kwamba kwa sababu hiyo hawezi kupora, wala kushika mwanamke kwa nguvu, wala kumpiga asiye na silaha. Na kwamba akianguka, liko altare moja Kamina ambapo jina lake litatajwa. Askari aliyesikia hivyo atasimama mbele ya bendera akijua yeye ni nani. Na wimbo utakapoimbwa tena, awe anaimba au ameweka mkono juu ya kinywa, Mungu atamsikia.